Mwanangu, Pembe Ziko 25

Dresden, Ujerumani
22 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Ugonile, mama. Natumaini mko salama hapo nyumbani na bibi kifua kimemwachia. Mimi sijambo. Saa hizi ni saa kumi na moja jioni na nje ni giza totoro. Huku jua linazama saa kumi, na asubuhi halitokei mpaka saa mbili. Baridi yake sijui nikuelezeje. Kumbuka ule ukungu wa Tukuyu wa mwezi wa saba, alfajiri unapokwenda kuchota maji na mdomo unatoa moshi, halafu fikiri kwamba mchana kutwa hali ni hiyohiyo.

Hii ni Krismasi ya kwanza tangu nikuzae ambayo sitakuwa nawe. Juzi kwenye simu ulinijibu "sawa mama" mara tatu, nami "sawa" zako nazijua. Nilipokata simu sikulala vizuri. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mwenyeji wangu nikaketi kukuandikia, maana simu inakatika salio na maneno yenyewe yanakuwa hayajafika.

Kwanza nilipe deni lako. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa benchi la tatu kanisani, wewe shingo umeiinua juu, unahesabu pembe za ile nyota ya karatasi inayotundikwa mbele kila Majilio, tukiingojea Krismasi? Mwaka mmoja ulipata 20, mwaka uliofuata 31, ukaniuliza kwa sauti katikati ya sala, "Mama, kwani ziko ngapi?" Nilikufinya unyamaze. Ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimekaa chini ya nyota ile tangu utoto wangu na sikujua ziko ngapi.

Ziko 25, mwanangu. Nimezihesabu kwa mikono yangu. Ndani yake kuna umbo lenye nyuso 26: nyuso 18 ni za mraba na 8 ni za pembetatu. Juu ya kila uso hukaa piramidi moja ndefu, isipokuwa uso mmoja wa mraba ulio juu kabisa, ambao huachwa wazi ili upite waya wa taa na kamba. Kwa hiyo piramidi zenye kitako cha mraba ni 17 na zenye kitako cha pembetatu ni 8. Jumlisha mwenyewe.

Na hapa ndipo nilipotaka uwepo. Nyota ile haikubuniwa na fundi wa mapambo. Ilitoka kwenye somo la jometri, lile lile ambalo muhula uliopita uliniambia huoni lina kazi gani. Mapema katika karne ya 19, kwenye shule ya bweni ya Wamoravian, kanisa letu hili, huko Niesky, mji mdogo mashariki ya hapa, mwalimu mmoja wa hesabu aliwafanya wanafunzi wake watengeneze nyota za karatasi ili wayaelewe maumbo. Walizipenda wakaanza kuzitengeneza kila mwaka ikifika Majilio. Mwishoni mwa karne hiyo Pieter Verbeek, aliyekuwa na duka la vitabu Herrnhut, akaanza kuzitengeneza za kuuza. Leo ziko kila mahali mjini hapa: kwenye milango ya makanisa, kwenye baraza za maghorofa, juu ya vibanda vya soko. Siku ya kwanza nilipotoka stesheni ya treni nikaiona inawaka juu ya kichwa changu, nilisimama watu wakawa wananipita. Nilikuwa kwa wageni na nimekuta kitu cha nyumbani.

Lakini sikiliza wale wanafunzi walikuwa kina nani. Wengi walikuwa watoto wa wamisionari. Baba na mama zao walikuwa Greenland, Suriname, Labrador, Afrika Kusini, na wao wameachwa bwenini wasome. Barua ilikwenda kwa meli, ikapita miezi kabla ya jibu kurudi. Wako waliokua bila kuzikumbuka sura za wazazi wao. Hao ndio waliokuwa wakikata karatasi na kugandisha pembe Jumapili ya kwanza ya Majilio, kisha wanaitundika nyota katika chumba wanachoketi wote. Nilipoambiwa habari hiyo nilikufikiria wewe na zile "sawa" zako tatu. Sitaki kusema kwamba wazazi wale walifanya vibaya, kwa sababu mwaka 1891 ni wenzao waliofika Rungwe, na bila wao bibi yako asingejifunza kusoma. Ila nimewahurumia watoto wao, na sikuwahi kuwafikiria kabla.

Jumanne wenyeji walitupeleka Herrnhut kwenyewe, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Jina hilo tumelisikia tangu shule ya Jumapili, nami nilidhani ni mji mkubwa. Ni kijiji, mwanangu! Kimetulia, kina theluji kidogo juu ya mapaa, na kanisa jeupe ndani lisilo na sanamu wala picha. Kilianzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kwenye ardhi aliyowapa bwana mmoja kijana, Zinzendorf. Miaka kumi tu baadaye, wakiwa bado maskini, walikuwa wameshatuma watu wao wa kwanza ng'ambo. Mwaka 2024 UNESCO walikiingiza katika urithi wa dunia.

Kwenye makaburi yao nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu walivyotaka. Wanayaita Shamba la Mungu. Mawe yote yamelazwa chini, yana ukubwa mmoja, wanaume upande wao na wanawake upande wao, mkulima na mwalimu wamelala sawa. Katikati tu yapo ya Zinzendorf na jamaa zake, yameinuliwa. Mama mmoja wa usharika wa pale aliniuliza kwa Kiingereza cha polepole kama kwetu tuko Wamoravian wengi. Nikamwambia kwamba hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Alinishika mkono akaushikilia mpaka getini.

Sasa nikueleze habari za Dresden, maana najua utaulizwa shuleni. Soko la Krismasi linaitwa Striezelmarkt, liko uwanja wa zamani katikati ya mji, na linajulikana tangu mwaka 1434. Lilianza kama soko la nyama la siku moja, watu wanunue kitoweo cha sikukuu. Keshokutwa mchana litafungwa. Katikati wamesimamisha mnara wa mbao wenye sanamu zinazozunguka, mrefu zaidi ya mita 14. Jina la soko limetokana na mkate wao wa Krismasi, ambao sasa huitwa Stollen: mzito, una siagi nyingi, zabibu kavu na lozi, umepakwa sukari ya unga mpaka umekuwa mweupe, na wanasema umbo lake ni mtoto Yesu aliyeviringishwa nguo. Zamani siagi ilikatazwa siku za mfungo wa Majilio, wakawa wanaukanda kwa mafuta, mpaka mwaka 1491 Papa alipoandika barua ya kuiruhusu. Unaliwa kipande chembamba na chai. Ungeupenda. Bibi angesema sukari imezidi.

Kilichonigusa zaidi ya mkate ni madirisha. Karibu kila nyumba dirishani kuna tao la mbao lenye mishumaa, siku hizi ya umeme. Desturi hiyo ilitoka milima ya Erzgebirge, kusini ya hapa, walikokuwa wanachimba fedha na bati. Mchimbaji wa kipindi cha baridi aliingia shimoni kabla ya mapambazuko na akatoka jua limezama, akawa halioni wiki nzima, basi nyumbani wakawasha taa dirishani. Nikamkumbuka mjomba wako aliyeko machimboni Chunya, anavyorudi na vumbi kwenye kope. Madini yalipopungua, wachimbaji waligeukia kuchonga mbao, na zile sanamu zinazouzwa sokoni ni kazi ya vijiji vyao mpaka leo.

Kisha kuna Frauenkirche, Kanisa la Mama Yetu, na hili nataka ulisome taratibu. Ni la Kilutheri, lilijengwa kati ya mwaka 1726 na 1743, kuba lake lote ni jiwe. Usiku wa 13 Februari 1945 ndege za Uingereza, kisha za Marekani, ziliushambulia mji huu kwa mabomu ya moto. Walikufa watu kufikia 25,000. Kanisa lilisimama siku moja na nusu, watu wakadhani limepona, kisha asubuhi ya tarehe 15 mawe yaliyochemka yakaachia na kuba likaanguka. Mwenyeji wangu hakunificha upande wa pili: mji huu huu uliichoma sinagogi yake Novemba 1938, na Wayahudi wake wakapelekwa kuuawa. Alisema habari hizo mbili hazisimuliwi moja bila nyingine. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nikamweleza nami kuhusu Maji Maji, na kwamba mwaka 2023 rais wao alifika Songea kuomba msamaha. Alikuwa anajua.

Kifusi kilikaa pale miaka zaidi ya 40, nyasi zikaota juu yake. Mwenyeji wangu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na tarehe 13 Februari 1982 alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kuwasha mishumaa kwenye magofu hayo, wakidai amani, wakati serikali ya siku hizo haikutaka mikusanyiko ya namna hiyo. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, wakaazi wakaanza kuomba kanisa lijengwe tena. Walikifukua kifusi jiwe kwa jiwe. Kila jiwe lilipimwa, likapewa namba, likaandikwa lilikutwa wapi, kisha kwa kompyuta wakakisia lilianguka kutoka wapi juu ya kuba. Hesabu tena, unaona. Lilifunguliwa 30 Oktoba 2005. Ukisimama nje unayaona mawe ya zamani, meusi, yametawanyika kati ya mapya yaliyo meupe, kama shati la shule lililoshonwa viraka. Hawakuyasugua. Msalaba wa juu ulitengenezwa na mfua dhahabu wa London, Alan Smith, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa marubani waliourushia mji huu mabomu. Msalaba wa zamani, uliopinda kwa moto, umesimamishwa ndani, na mbele yake watu wanawasha mishumaa. Niliwasha miwili, wa babu yako na wako.

Jioni kulikuwa na kwaya. Sikuelewa maneno, lakini sauti ya nne ilipoingia chini nilijua wapi ungeingia wewe na alto yako.

Sasa mambo ya nyumbani. Kitenge chako kiko kwa fundi, kimeshalipiwa, kachukue kesho kabla duka halijafungwa. Kuku wa Krismasi ni yule mwekundu. Mtetea mwenye vifaranga asiguswe. Bibi asitembee kwenda kwenye ibada ya usiku mvua ikinyesha. Mwambieni baba mdogo amchukue kwa bodaboda ya yule kijana anayeendesha polepole.

Na jingine. Herrnhut nilinunua nyota. Ya karatasi, nyeupe na nyekundu, haijaunganishwa: pembe 25 zimeingizwa moja ndani ya nyingine kama vikombe, pamoja na mfuko wa vibanio vidogo vya shaba. Iko kwenye begi langu la mkononi na sitaliachia mtu. Kwa desturi hutundikwa mpaka Epifania, tarehe 6 Januari. Mimi nafika tarehe 4 jioni, ndege ikishuka Songwe salama. Tuna siku mbili. Usimkubalie mtu yeyote akuambie ianzie pembe ipi, tutaanza wote wawili mezani, na ule uso wa juu utauacha wazi wewe.

Tafuta kamba nzuri.

Mimi mama yako