Tenga limeingia limejaa, mbona linatoka pungufu?

Wiki iliyopita kaka mmoja anayelima kando ya mto Lukuledi alisimama mlangoni kwangu hapa Mnazi Mmoja, akihesabu matenga kwa sauti ili majirani wasikie. Alileta matatu ya nyanya za kijani nimvundikie ziive, maana hiyo ndiyo kazi yangu, nikamrudishia mawili na sado mbili. "Dada, nyingine umezipeleka wapi?"

Zilikuwa kwenye ndoo nyuma ya mlango. Huwa situpi, kwa ajili ya maneno kama hayo.

Nikaikata moja mbele yake. Kisu kikapasua mbegu, ndani pakavu, hakuna ute. Hiyo changa. Nikakata iliyokomaa, kwa nje kijani vilevile: mbegu zimezama kwenye ute, zinakikwepa kisu. Hii ukiivundika inaiva. Changa itasinyaa tu, hata uisomee dua.

Najua kwa nini mnachuma zote. Mvua za Desemba zikianza, ugonjwa wa ukungu unalala na shamba. Sawa, lakini chambueni kabla ya kupakia, maana nalipisha kwa tenga, 4,000, na changa nazo zinakula nafasi.

"Elfu nne kwa kufunika nyanya?" Sifuniki nikaenda kulala, jamani. Chumba ni cha udongo na makuti kwa makusudi: joto likipita nyuzi 30 nyanya haishiki wekundu, inabaki na unjano wa kuchoka. Kila kasha naweka ndizi mbivu mbili tatu, kwa sababu tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, nayo ndiyo inayoziamsha wenzake. Kila asubuhi nazipitia moja moja. Yenye doa la majimaji inatoka siku hiyohiyo. Kuiva ni wiki moja, mara nyingine mbili.

Mama mmoja aliona bei yangu kubwa, akafunga nyanya zake kwenye mfuko wa nailoni akaanika juu ya bati. Nyanya haitaki jua ili iive! Siku ya nne akaniita nione: mchuzi, na harufu yake. Mwingine aliziweka kwenye friji, zikabaki kijani, zilipotoka zikalegea bila utamu. Na wanaoniomba nitie kabaidi ili ziwahi soko, wachukue matenga yao. Ile kitu huwa na mabaki ya aseniki, siweki kwenye chakula cha watu.

Yule kaka alibeba ndoo yake. Nasikia mkewe amezipika achari na maembe mabichi. Jana kaleta tenga jingine, kalichambua mwenyewe.