Malalamiko: Blanketi la "Sufu" Lisilo na Sufu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: SETI YA VITAMBAA VYA MSIMU WA BARIDI

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu seti ya sebuleni: zulia, blanketi la kochi, foronya nne na mapazia mawili. Mliitangaza kama seti ya kupangwa tabaka juu ya tabaka, kila kitambaa kikisaidiana na mwenzake. Sina ugomvi na wazo hilo. Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, na kati ya kitambaa kimoja na kingine. Ndiyo maana nilinunua seti nzima badala ya blanketi moja zito.

Nianze na blanketi, maana ndilo lililonifanya niandike. Mlisema ni sufu tupu. Usiku wa kwanza lilitoa cheche nilipolikunja gizani. Nikasema labda hewa ni kavu. Usiku wa pili nililala nalo kwenye kochi, nikaamka nimelowa jasho mgongoni huku miguu ikiwa baridi. Hapo nikaingiwa na shaka. Sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Hili la kwenu halikunyonya chochote.

Nikachomoa uzi mmoja pembeni, urefu wa kidole, nikauwasha juu ya sahani. Uzi wa sufu ungenuka kama nywele zilizoungua, ungezimika wenyewe, na jivu lake lingesagika vidoleni. Wa kwenu uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha punje nyeusi ngumu kama shanga. Nilipofumua pindo nikakuta lebo ndogo imeshonewa kwa ndani: akriliki asilimia 80, poliesta asilimia 20, zote nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Kwa hiyo aliyeishona alijua.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinieleza kwamba "sufu" kwenye tangazo inahusu mguso, si malighafi. Kwa hesabu hiyo, maji yaliyotiwa chokaa ni maziwa. Akaongeza kuwa kwa kuchomoa uzi nimepoteza haki ya kurudisha mali. Bila uzi huo ningejuaje?

Mapazia nayo: kwenye picha yana bitana nene, yaliyonifikia ni kitambaa kimoja tu, ukiyainua unaona mwanga wa dirisha. Tena yanaishia shubiri nzima juu ya sakafu ingawa vipimo nilivyowapa ni sahihi, na nakala ninayo. Hewa inayogusa kioo hupoa, huwa nzito na kushuka nyuma ya pazia. Kwangu inatokea hapo chini na kunipiga vifundoni kila ninapokaa. Foronya zimechuja rangi kwa maji baridi, kama mlivyoelekeza zifuliwe, na zimenichafulia shuka.

Zulia sina neno nalo. Limeshonwa vizuri, nyuzi zimeshikana, mguu hauhisi sakafu. Hilo nabaki nalo na nimelilipia kwa haki.

Ninachodai ni kurudishiwa fedha zote za blanketi, mapazia na foronya, na gari lenu lije kuvichukua kwa gharama yenu. Pia futeni neno "sufu" kwenye tangazo, kwani nimeliona bado lipo asubuhi hii. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi (simu sitaki tena), nitapeleka suala hili kwa mamlaka inayowalinda walaji.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, vipimo vya madirisha, na picha za lebo, mapazia na shuka. Ile punje nyeusi ipo kwenye bahasha ndogo iliyobanwa nyuma ya ukurasa huu. Angalieni isidondoke mnapofungua.

Wenu,
Mteja