Barua ya kufunga muhula (na habari ya ile simu ya mwalimu wa hesabu)

Wazazi na walezi wetu, habari zenu.

Shule tunafunga Ijumaa, ripoti njooni mchukue wenyewe, mkimtuma mtoto zingine huwa zinaishia njiani.

Muhula huu wamekuja wazazi watatu ofisini kulalamika walimu wanashinda kwenye simu, mmoja akasema kabisa kamkuta mwalimu wa hesabu chini ya mwembe saa tisa na nusu anachati. Ni kweli alikuwa anachati. Darasa la tano hesabu za sehemu zilikuwa zimewagomea, ukiwaambia theluthi jumlisha robo wanakuletea 2/7, wanajumlisha juu wanajumlisha na chini, basi akauliza kwenye grupu la walimu wa hesabu, mwalimu wa mkoa mwingine ambaye hata hawajuani sura akamtumia picha ya karatasi imekunjwa mafungu matatu kwa urefu na manne kwa upana. Vinatoka vyumba 12, theluthi inachukua vinne, robo vitatu, jumla saba, ndio 7/12 hiyo. Kesho yake kalenda za zamani za ofisini ziliisha zote, mpaka wale wa dawati la nyuma walikuwa wanakunja. Na bando ni la mfukoni kwake, hilo nalo mlijue.

Serikali ina MEWAKA, yale mafunzo ya walimu kazini, walimu mnakaa mnafundishana. Grupu ni hivyo hivyo, ila mnakuwa wengi zaidi.

Sasa la aibu. Jaribio la sayansi tulilichukua kwenye grupu la walimu pamoja na majibu yake, majibu yanasema nyangumi ni samaki, tukasahihisha hivyo hivyo mpaka mtoto mmoja akaja na kitabu, mwalimu mbona huyu ananyonyesha? Kwahiyo mkiona kwenye ripoti za la tano alama za sayansi zimekatwa kwa kalamu nyekundu, ni sisi, msimchape mtoto. Siku hizi kitu cha grupu kinapitiwa na walimu wawili, kitabu cha kiada kikiwa mezani.

Simu msimnunulie mtoto, WhatsApp wenyewe wanataka miaka 13. Video za marudio tutatuma grupu la wazazi, muangalie naye kwenye simu yako. Na jamani lile grupu sio la kuuzia vitenge.

Mwenye kalenda za zamani nyumbani atuletee tukifungua, la sita nao wanazitaka.

Mwalimu Mkuu