Kuku na nanasi havilali bakuli moja

Entebbe,
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku tu wazima, ila mvua. Tangu Ijumaa haijakatika, na ziwa limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ile sauti uliyoniletea kwenye simu nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili wifi yangu akiwa pembeni, na ulipofika pale pa "kuku wa baridi mwenye matunda, hicho ni chakula au ni mtihani?" alicheka hadi chai ikammwagikia. Lakini kitanzi umejitia mwenyewe: umeshawatangazia wakwe wa binti yako kwamba Jumamosi utawalisha saladi ambayo hujawahi hata kuila. Basi naandika. Sauti ingekupotea katikati ya salamu za watu. Hii ibandike mlangoni mwa kabati.

Nikwambie kwanza lililonifika Ramadhani iliyopita, maana usipoonywa utalifanya lilo hilo. Tulikuwa na wageni wa futari, watu kama kumi na wawili wa upande wa mume wangu, nami nikajiona fundi. Baada ya daku nikamchambua kuku wangu aliyechemshwa, nikamkatia nanasi la Kayunga (nanasi la huku, somo, ukilikata jikoni hata jirani anajua), nikatia mtindi, karanga na dania, nikafunika, nikasukuma ndani ya friji. Kuonja sikuonja, nina saumu. Magharibi nikafunua mbele za watu. Nyama imelegea kama iliyokwisha kutafunwa, maji yameelea juu, na mtindi mchungu kama shubiri. Shemeji yangu, Mungu amweke, alimaliza sahani yake yote huku akishushia kwa chai. Aliyesema kweli ni mavyaa, ambaye hata hakuonja. Alichungulia bakuli, akasema kwa Kiganda chake cha taratibu: nanasi lako limefuturu kabla yetu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya nanasi mna kimeng'enya kiitwacho bromelini, na kazi yake ni kuvunjavunja protini. Ukililaza na kuku, linamlegeza. Ukililaza na mtindi, unaingia uchungu. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nalijua jambo hili tangu utotoni bila kulijua. Si sisi tuliokuwa tukitumwa kuparuza papai bichi la kupaka mishkaki, tukapigiwa kelele tusilizidishe, nyama isije ikawa uji? Papai na nanasi tabia yao moja. Dawa ni mbili tu: ama nanasi lipite motoni kwanza, vipande vikaangwe kwenye kikaango kikavu hadi viungue kidogo pembeni, maana moto hukiua hicho kimeng'enya, ama litiwe wakati watu wameshanawa mikono. Mimi siku hizi nalichoma. Utamu wake unazidi, na linatoa harufu ya sukari guru.

Sasa kuku. Usichukue wa kienyeji. Najua utabisha, lakini wa kienyeji ana heshima yake na mahali pake ni kwenye mchuzi, au huku kwenye luwombo, anapofungwa ndani ya jani la mgomba na karanga za kusagwa akapikwa kwa mvuke. Kwenye saladi anakuwa kamba. Chukua wa kisasa, kilo moja na nusu, mtie sufuriani mzima, maji yamfunike tu, kitunguu, kipande cha tangawizi, pilipili manga chembe chache na mchaichai. Yakishachemka punguza moto, maji yawe yanatetemeka tu, saa nzima hivi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanamtokotesha kwa fujo, kidari kinakuwa kama pamba. Mchome kisu pajani, maji yakitoka meupe bila wekundu, ameiva. Mwache apoe kidogo ndani ya supu yake, kisha mchambue kwa vidole, si kwa kisu, nyama ishike mchuzi vizuri. Supu usiimwage, ni ya pilau.

Firigisi mimi humwekea mume wangu, na usinicheke. Kwa Waganda firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Siku ya kwanza niliyokuja kama bibi harusi niliila mwenyewe jikoni, hadi leo wanaisimulia. Na mavyaa wangu hali kuku kabisa, wala mayai. Zamani wanawake wa Kiganda walikatazwa, na yeye amelelewa hivyo. Wifi yangu, binti yake wa kuzaa, anakula paja mbele yake bila wasiwasi wowote.

Matunda. Hapa nina bahati kukuzidi. Sokoni kwetu Kitoro kuna kitunda wanakiita entuntunu, kidogo kama zabibu, cha manjano, kimejifunika ganda kavu jembamba kama karatasi. Unalibandua, unakikata nusu. Kina utamu na ukali kwa pamoja, na ukali ndio unaotakiwa, kwa sababu kuku na mayonezi peke yao hukinaisha. Wewe huko Mombasa sidhani utakipata, basi usihangaike. Chukua embe ngowe ambalo halijalainika sana, likate vipande vidogo, na komamanga moja. Zabibu kavu pia zafaa ukiziloweka kwenye maji ya ndimu nusu saa. Ndizi usitie. Nilijaribu, zikawa nyeusi.

Karanga za huku nyingi zinatoka Teso, ndogondogo zenye ngozi nyekundu. Zichague moja moja kama unavyochagua mchele. Yenye ukungu au iliyojikunja tupa, maana huo ukungu una sumu na moto wa jikoni hauiondoi. Zikaange kwa moto mdogo hadi ngozi itoke ukizisugua kwenye kitambaa, halafu zitwange mara mbili tatu tu, zibaki na meno. Juu yake mimi hunyunyiza ufuta uliokaangwa, ambao huku wanauita simsim na watu wa kaskazini wanausaga pamoja na karanga ukawa rojo zito la kupikia mboga. Wewe una korosho. Tia korosho, na usizisage.

Majani: dania konzi mbili, mnanaa konzi moja, na rehani. Ndiyo, hii hii ya kikuba, kile kishada cha kujipambia. Majani matano sita tu, yakatwe kwa mkono, la sivyo wageni watadhani wamealikwa kuvishwa. Mimi hutumia mujaaja, ndugu yake rehani, ambao Waganda hutia kwenye chai. Una nguvu zaidi, majani mawili yanatosha bakuli zima.

Mchuzi wake ndio nilioubahatisha mwisho. Mayonezi matupu siyawezi, yananilemea kifuani. Nachuja mtindi kwenye kitambaa cha kaniki safi usiku kucha hadi uwe mzito, nachukua vijiko vinane vya chakula, mayonezi vijiko vinne, maji ya ndimu moja, asali kijiko kimoja, chumvi, na bizari ya mchuzi kijiko cha chai niliyoipitisha kwenye mafuta ya moto ili isinuke ubichi. Bizari nimewaibia Waingereza, ambao nao waliiba kwa Wahindi. Malkia Elizabeth alipotawazwa mwaka 1953, kwenye karamu kuliandaliwa kuku wa baridi ndani ya mayonezi yenye bizari na aprikoti zilizopondwa. Kwa hiyo ukiulizwa na wakwe, sema ni chakula cha kifalme. Na uongeze kwamba baba yake alipofariki Februari 1952 yeye alikuwa Kenya, akarudi kwao kupitia uwanja wa ndege wa hapa hapa Entebbe. Mimi hadithi hiyo nimeshaitumia kwa wageni watatu, wote walikula zaidi.

Sasa sikiliza mpangilio, kwa sababu ladha unayo tayari, kinachobaki ni saa. Ijumaa usiku chemsha kuku, mchambue, mfunike, friji. Mtindi uchujwe humo humo frijini. Karanga kwenye mkebe mkavu, mbali na unyevu. Jumamosi asubuhi kata embe na uoshe majani, uyakaushe vizuri kwa taulo, maana maji ya majani ndiyo yanayoufanya mchuzi utiririke. Kila kitu kikae chombo chake. Wageni wakishavua viatu ndipo uchanganye kuku na mchuzi, kisha matunda, kisha majani, na karanga mwisho kabisa ukiwa unaelekea mezani. Na kwa joto lenu, usiliache bakuli juu ya meza zaidi ya saa mbili. Likalishe ndani ya sinia la barafu. Umeme ukikatika kuanzia Ijumaa usiku hadi asubuhi, somo, piga simu uagize samaki, usinitie aibu na wakwe.

Cha kulia, wifi yangu huifungia ndani ya chapati moto kama vijana wa barabarani wanavyofunga rolex yao ya mayai. Inapendeza, lakini kwa wakwe nadhani weka majani ya saladi chini na chapati kando, wachague.

Mavyaa huwa nampakulia bakuli lake dogo, matunda na karanga na mchuzi bila kuku. Idi hii nilimwona, watu wakiwa uani wanapiga picha, akipeleka kijiko kwenye bakuli letu kubwa, upande wenye kidari. Nikarudi jikoni kuosha vyombo visivyohitaji kuoshwa.

Nisalimie shangazi na watoto wote. Na ukipata mtu wa basi la Kampala, nitumie korosho nusu kilo, mbichi, nitazikaanga mwenyewe. Zile za mara ya mwisho zilifika robo. Mwambie huyo mchukuzi nimezihesabu.

Somo wako