Tani na bei tumezisoma, sasa tuleteeni hadithi ya watu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni karani wa ghala katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Gazeti lenu tunapokezana hapa ghalani mpaka linachakaa. Msimu uliopita habari za minada mliziandika vizuri: tani zilizouzwa, bei ya juu, bei ya chini, wanunuzi waliojitokeza. Sina ugomvi na takwimu, ndiyo kazi inayonilisha. Ombi langu ni kwamba mrudishe hadithi ya mfululizo gazetini, na safari hii iwe ya watu wa Kusini, iandikwe na mtu anayeishi Kusini.

Nina sababu. Nilisoma mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na riwaya za Uingereza za wakati wa Malkia Victoria sijaziacha tangu hapo. Siku hizi nyingi zinapatikana bure mtandaoni, nazisoma kwenye simu. Nyingi kati ya hizo hazikuanza kama vitabu. Zilitoka kipande kwa kipande kwenye magazeti ya wiki na majarida ya mwezi, na watu walizisubiri. Charles Dickens alikuwa na gazeti lake la wiki, Household Words, lililouzwa kwa peni mbili. Mwaka 1854 alichapisha humo Hard Times, hadithi ya mji wa viwanda ambako bwana mmoja, Gradgrind, anataka watoto wafundishwe takwimu na ukweli mtupu.

Kuna mahali darasani anamwambia binti aitwaye Sissy aeleze farasi ni nini. Baba yake Sissy anafanya kazi ya farasi kwenye sarakasi, mtoto amekua kati yao, lakini anakosa la kujibu. Kijana mwingine anasimama na kutaja: mnyama wa miguu minne, mla majani, meno 40, kati yake magego 24, chonge 4, ya mbele 12. Huyo ndiye anayepongezwa. Baadaye mwalimu anamwambia Sissy kuna mji wa watu milioni moja, na kwa mwaka waliokufa njaa barabarani ni 25 tu. Ana maoni gani? Sissy anajibu kwamba kwa wale waliokufa njaa uchungu ni uleule, hata wengine wangekuwa milioni moja au milioni mara milioni. Anaambiwa amekosea.

Jibu hilo nalifikiria kila siku ya malipo. Bei ya mnada inaweza kuwa nzuri, na bado yupo mama ambaye korosho zake zilishaondoka kwa kangomba, yaani wanunuzi wa mlango wa nyuma, kwa bei ya kutupa, miezi kabla ya msimu, kwa sababu mtoto alilazwa na nyumbani hapakuwa na senti. Jina lake halipo kwenye daftari langu. Korosho zake zimepimwa, zimo ndani ya tani mnazozitangaza, ila kwa jina la mtu mwingine. Takwimu zenu hazitamwona kamwe, maana zinatoka kwenye daftari hilohilo.

Lakini Dickens mwenyewe ana kasoro, na kasoro hiyo inanihusu. Alikuwa mtu wa London. Januari 1854 alikwenda Preston kuutazama mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya pamba, akarudi. Katika makala yake alieleza jinsi wagomaji walivyokuwa watulivu. Lakini kwenye riwaya msemaji wa chama chao, Slackbridge, ni mpiga kelele mtupu. Hadithi hiyo ilipokwisha, gazeti lilelile, mwaka uleule, lilianza kuchapa North and South ya Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji aliyehamia Manchester alipoolewa mwaka 1832 na kuishi katikati ya viwanda hivyo. Kwake, mtu wa chama ni Higgins. Anajua kwa nini anagoma, na anajibu hoja kwa hoja. Boucher, mwenzao aliyeleta fujo wakati wa mgomo, anapojiua, Higgins anawachukua watoto wake. Kisha anakwenda kuomba kazi kwa mwenye kiwanda na kumsubiri saa tano nzima, ili watoto wa marehemu wale.

Binti yake Higgins, Bessy, anakufa taratibu kwa vumbi la pamba lililojaa kifuani. Anaeleza kwamba ipo mashine ya kuvuta vumbi, ila inagharimu pauni 500 au 600 na haileti faida, kwa hiyo matajiri wengi hawaiweki. Halafu anaongeza jambo ambalo mgeni wa wiki moja asingelipata: baadhi ya wafanyakazi wenyewe hawakuitaka, kwa sababu walishazoea kumeza vumbi, na lisipokuwepo walisikia njaa zaidi.

Nilipofika hapo niliwaza vijana wetu wanaopuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho. Kijana amebeba mashine mgongoni, kipande cha khanga kimefungwa puani, macho mekundu, unga wa njano mpaka kwenye kope. Ukimuuliza kwa nini hana barakoa, atakupa sababu zake, na si zile ambazo ofisini tunazidhania. Nani ameziandika?

Gaskell huyohuyo mwaka 1853 alitoa Ruth, kuhusu msichana aliyezaa bila ndoa, akamwandika kama mtu mwenye utu. Baadhi ya waumini wa kanisa la mumewe waliichoma. Sisi tangu 2021 tumeruhusu wasichana waliojifungua warudi shule, lakini minong'ono anayokutana nayo binti kwenye njia ya kwenda darasani haijaandikwa na mtu.

Mhariri, waandishi wapo: walimu wa Newala na Nachingwea, wauguzi wa Liwale, wabanguaji wa Mtwara ambao vidole vyao vimeungua kwa mafuta ya ganda. Tangazeni shindano, chagueni hadithi moja, mwandishi alipwe, na mumpe nafasi ya kutosha. Gaskell alibanwa na nafasi gazetini mpaka mwisho wa hadithi yake ukaharakishwa, ikabidi aurefushe ilipotoka kitabu mwaka 1855. Nusu ukurasa kila Jumamosi, kuanzia msimu wa salfa mpaka mnada wa mwisho, inatosha kwa kuanzia.

Msomaji wenu,
Karani wa ghala, Tandahimba, Mtwara