Somo yangu, anza na viti

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa itifaki, yaani taratibu za heshima na vyeo, ya ziara ya nje ya Mheshimiwa Waziri, ambaye ni mwanamke. Umeuliza uanzie wapi. Anza na viti.

Kumbuka Ankara, tarehe 6 Aprili 2021. Ursula von der Leyen, Rais wa Kamisheni ya Ulaya, na Charles Michel, wakati huo Rais wa Baraza la Ulaya, wote wawili wakuu wa Umoja wa Ulaya, waliingia kwa Rais Erdoğan wa Uturuki wakakuta viti viwili tu mbele ya bendera. Wanaume wakakaa. Mama wa watu akabaki amesimama, akaguna, kisha akaenda kukaa kwenye sofa, mkabala na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uturuki, mtu wa cheo cha chini yake. Novemba 2015, kule Antalya, Erdoğan alikaa katikati ya Donald Tusk na Jean-Claude Juncker, wanaume wawili waliokuwa na vyeo vilevile viwili. Siku hiyo kiti cha tatu kilikuwepo.

Uturuki walijitetea kwamba walipanga kama upande wa Ulaya ulivyotaka. Wengine wakasema Rais wa Baraza ndiye hutangulia. Sawa, atangulie, mwenzake akose kiti kwa nini? Lakini wewe shika hili: maofisa itifaki wa Kamisheni hawakusafiri kwa sababu ya korona, na wale wa Baraza hawakuruhusiwa kukikagua chumba chenyewe. Pasipokaguliwa, mwenyeji hufuata mazoea, na mazoea humwona mwanamke kuwa msindikizaji.

Kwa hiyo andika mapema, kwa barua rasmi ya ubalozi: viti vingapi, vya aina gani, nani kulia kwa nani. Omba kuona kila chumba, hata cha chakula na cha waandishi wa habari. Wakikataa, omba picha au mchoro. Siku yenyewe mmoja wenu atangulie kuingia. Kiti kikikosekana, Waziri asimame, na ujumbe wote usimame naye mpaka kiletwe. Hili kubalianeni kabla ya kupanda ndege, hasa na wanaume wa ujumbe. Ankara iliharibika zaidi pale Michel alipokaa.

Halafu kuna jina. Kwetu "Mama" ni neno la heshima, lakini mbele ya wageni, wenzake wakiitwa Waheshimiwa na yeye akiitwa Mama, mmemshusha wenyewe. Kibao cha mezani, ratiba na vinywa vyenu viseme "Mheshimiwa Waziri". Tanganyika ilipata uhuru 1961, na waziri wa kwanza mwanamke wa mambo ya nje wa Tanzania, Asha-Rose Migiro, aliteuliwa Januari 2006. Mazoea ya miaka yote hiyo hayaondoki kwa uteuzi mmoja.

Katibu Mkuu wa wizara akiwa mwanaume, wenyeji watamwelekea yeye. Mwombe asijibu kabla Waziri hajajibu. Kagua pia ratiba ya wenza, yaani wake na waume wa viongozi, maana jina la Waziri huweza kutumbukizwa humo kwa "ukarimu". Na hoja za mazungumzo: usalama na biashara zisigawiwe wanaume, yeye akabakiziwa afya na watoto.

Barua ya ubalozi itoke wiki mbili kabla. Nitumie rasimu, nitaisoma usiku uleule.

Wako,
Somo yako