Muthurwa niliyoijua mimi

Malindi, Shela

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Picha zimefika, nimemwonyesha mpaka shangazi yako. Unasema umepita Muthurwa, hapo Nairobi, hukuona ila vibanda vya mitumba na matatu, ukashangaa kwamba ndiko ulikotambaa. Soko hilo lililetwa wakati wa Kibaki, sisi tumeshahama zamani.

Mimi nilikwenda bara bado nina hina mikononi. Huku kwetu reli haijapata kufika, kwa hiyo tulipanda basi mpaka Mombasa, na Kilifi ilikuwa lazima tungoje feri, maana daraja halikufunguliwa mpaka 1991. Jioni tukaingia gari la moshi, daraja la tatu. Asubuhi Nairobi, na baridi ambayo buibui langu halikuiweza.

Nyumba yetu ya Muthurwa, ya shirika la reli alikofanya kazi babako, ilikuwa chumba kimoja. Bomba na choo ni vya wote. Wakikwambia wazee kwamba maisha yale yalikuwa asali, wasikilize kwa adabu tu. Nyumba ilikwenda na cheo, na wakubwa walikaa mbali na moshi wetu. Ovaroli za babako nilizifua mpaka vidole vikachubuka, na mafuta ya injini yasitoke.

Lakini alikuwa akizipenda injini zile, jamani! Zile kubwa za mvuke, za Garratt, aina ya 59, zilikuwa 34, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Akirudi hunambia, "Leo nimeshinda chini ya Mount Gelai." Jirani mmoja akadhani mume wangu hupelekwa Tanganyika kila siku na kurudishwa jioni.

Niliyempenda mimi ni mama mmoja wa Tanga, mlango wa tatu kutoka kwetu. Kwenye foleni ya bomba, katika Kijaluo, Kiluhya na Kikamba, nikasikia mtu anamgombeza mwanawe kama tunavyogombeza pwani. Tangu siku hiyo mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa moja, inakwenda na kurudi. Yeye ndiye aliyekubeba ulipougua surua.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli likagawanywa. Mumewe akatakiwa arudi kwao. Walifunga vitu haraka, na mpaka wa Tanzania ukawa umefungwa; haukufunguliwa tena mpaka 1983. Huwa nasikia watu wakizungumza habari ya Jumuiya kana kwamba ilikuwa mambo ya marais peke yao. Pale kwetu iliondoka na watu wa mlango wa tatu, na mbuzi yangu ikabaki haina pa kwenda.

Hayo ya kuhamishwa wapangaji wa Muthurwa nimeyafuata redioni. Walipotakiwa watoke 2010 walikwenda Mahakama Kuu, na hukumu ya 2013 ikasema haki zao zimevunjwa. Nilifurahi, ingawa siwajui hata mmoja.

Sasa nina kazi ya kukupa. Hapo karibu na stesheni kuna jumba la makumbusho ya reli, na Mount Gelai, namba 5918, imewekwa hapo. Nenda Jumamosi, upige picha magurudumu na upande wa chini, maana huko ndiko alikoshinda babako. Sura ya mbele kila mtu anayo. Nazi na achari ya maembe nimezitia kwenye basi la usiku. Uzipokee mapema, dereva hana subira.

Mamako